Bwawa Lililooshwa Mara Saba

Naanza na mbwa, maana kila nikisimulia habari hii watu wa Rumonge hunicheka, na ni afadhali wacheke mapema wamalize. Ndiyo, nilijenga bwawa la kuogelea uani kwangu, mimi mwanamke muuza mawese, nikiwa na ziwa zima la Tanganyika mitaa minne tu kutoka mlangoni. Ndiyo, mbwa wa jirani alitumbukia humo. Ndiyo, tuliliosha mara saba, moja kwa udongo, kama sahani aliyoilamba. Haya, chekeni. Mkishamaliza nitawaambia kwa nini hadi leo siwezi kula sahani moja na mama yangu mzazi.

Nimezaliwa Rumonge. Mama naye kazaliwa hapa hapa, katika mtaa wetu wa Waswahili, na katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kujua kuogelea. Kaka zetu walishinda ziwani tangu hawajaota meno ya pili. Sisi tulifika maji ya magotini, tukasugua sufuria, tukakunja kanga, tukarudi nyumbani. Ukiuliza sababu unaambiwa mamba. Nilipokuwa mdogo niliuliza kama mamba hao hawali wavulana, nikapigwa kofi. Swali langu lilikuwa zuri, na kofi lile silisamehe.

Kilichonifanya nichimbe ni mtumbwi. Barabara ya kwenda Bujumbura ilikuwa imekatika karibu na Magara. Ziwa lilipanda likaila lami, na sisi wachuuzi tukawa tunashuka kwenye gari, tunapakia bidoni zetu, madumu ya mawese, kwenye mtumbwi wa injini, tunaizunguka sehemu mbovu, halafu tunapanda gari jingine upande wa pili kuelekea Kabezi. Safari fupi, hujamaliza hata kumsengenya mtu mmoja umeshafika. Siku moja nilikuwa na dada yangu mkubwa, dada yangu wa pekee. Tulifanya biashara ya mawese pamoja tangu tulipoolewa, na tulipoachika tukaendelea nayo. Mtumbwi ulijazwa kupita kiasi, kama kawaida. Ulilala upande mmoja taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani, na wote tukawa majini. Nilishika bidoni, kwa sababu mawese huelea. Dada yangu alishika mkoba wake.

Wanaume wote waliokuwa kwenye mtumbwi ule walifika nchi kavu, mmoja na viatu vyake miguuni. Ufuko ulikuwa karibu kiasi kwamba niliwaona watu sura. Niliona mwanamke akiangusha beseni la ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na kushika kichwa. Wanawake watatu hawakufika. Dada yangu tulimpata siku ya pili.

Msibani walisema ni kazi ya Mungu. Mungu sikumpinga. Lakini nilikaa kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa, nikijiuliza ni kwa nini kazi hiyo iliwaruka wanaume wote. Hasira yangu ilizaliwa pale mkekani, na watu walidhani ni kilio.

Dada aliacha binti mmoja. Alikuwa na miaka kumi na miwili, akaja kukaa nami na mama, akaendelea kuniita mama mdogo. Nilimtazama nikajua yatakayokuwa: atamaliza shule au hatamaliza, ataolewa, atabeba bidoni, na siku moja barabara itakatika tena naye atapanda mtumbwi. Nikaweka nadhiri kwamba huyu atajua kuogelea. Sikutaka kingine chochote duniani. Biashara ingekufa, ningeanza upya. Lakini mtoto huyu asife maji huku watu wanamwona sura.

Mama hakutaka hata kusikia. "Mjukuu wangu hataloweshwa mbele ya wavuvi," alisema, na neno la mama mtaani kwetu ni neno. Kwa miaka zaidi ya thelathini amefundisha mabinti wa Rumonge dini yao, kwenye baraza letu la mbele, kitabu mkononi na fimbo pembeni. Hakuna mke wa mtu mtaani ambaye hakupigwa vidole naye kwa kukosea herufi. Tangu msiba ule alikuwa hali samaki wala ndagala. Mtu wa Rumonge asiyekula ndagala! Hakueleza sababu, na sisi hatukuuliza. Basi nikasema moyoni, kama ziwani haruhusiwi, maji yatakuja nyumbani, nyuma ya mabati, ambako hakuna mvuvi wala jicho la mtu.

Nikamwita fundi. Huyu ni Mkongomani wa upande wa Fizi, mlokole, ndiye aliyejenga karibu matangi na mashimo ya vyoo yote ya mtaa wetu. Alinisikiliza akakuna shingo kwa penseli.

"Mama, pisine ni kitu ya hoteli. Hapa kwako iko wazungu gani?"

"Niko mimi," nikamjibu.

Alicheka mpaka akaketi juu ya mfuko wa simenti. Lakini hakuwa na kazi nyingine mwezi ule. Hakuwahi kujenga bwawa maishani, nami nilikuwa nimeliona moja tu, la hoteli moja ya Bujumbura ambayo nilikuwa napeleka mafuta jikoni kwao. Nililizunguka nikilipima kwa nyayo zangu, kisigino kwa kidole, hadi mlinzi aliponifukuza. Hiyo ndiyo ilikuwa ramani yetu. Mimi nikawa enjinia, na nawaambieni ukweli, nilikuwa enjinia mwenye kiburi.

Tulipigilia vigingi, tukafunga kamba, watu wanne wakaanza kuchimba. Siku tatu nzima ziliishia kwenye kisiki cha mchikichi, mizizi yake imejaa kama nywele za kichaa. Wapita njia walichungulia kwenye matundu ya mabati.

"Mama, iyo shimo ni ya nini? Musalani ya watu mia?"

"Ni kaburi ya watu wenye kuuliza," nikawajibu, wakaondoka, wakaja wengine.

Tulipofika kina cha kifua, maji yakatokea chini. Niseme kitu kuhusu maji hayo. Nilipokuwa msichana nyumba yetu ilikuwa mtaa wa sita kutoka ziwani. Ziwa likapanda, likameza mitaa miwili ya mbele, milango na vyoo na kila kitu, na leo sisi ni wa nne bila kuhama hata hatua moja. Ziwa lililopanda hulioni juu tu. Huku chini ya miguu yetu nako limejaa. Kila asubuhi tulilikuta shimo limekuwa dimbwi, tukaanza kwa kutosha maji, kuyatoa kwa ndoo, kabla ya kushika koleo.

Fundi aliingiwa na wasiwasi. Aliniomba tuache siku chache, tutafute mawe makubwa zaidi ya kutandika chini ili sakafu iwe nzito, tena tupitishe bomba dogo sakafuni lenye kizibo, ili siku maji ya chini yakisukuma yapate pa kuingilia.

"Yaani nijenge bwawa kisha nilitoboe?" nikamuuliza.

"Mama, si kutoboa. Ni kuyapatia njia."

"Simamisha ukuta, fundi. Mvua inakuja."

Ndivyo nilivyomjibu. Nilikuwa nimechoka kuambiwa na wanaume lipi linawezekana na lipi haliwezekani, na huyu maskini, ambaye ndiye pekee aliyekuwa anasema kweli, akalipishwa makosa ya wenzake wote. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nilikuwa nimevua zamani. Tukasuka vyuma, tukamimina zege kwa karai na karai, tukajenga ukuta wa mawe, tukapiga lipu mara mbili na niru ya simenti laini juu yake mpaka ukipitisha kiganja kinateleza. Nililipaka rangi ya buluu kwa mkono wangu. Ngazi tano za kushukia nilizipima kwa mguu wa mtoto, si kwa mguu wangu.

Katika kazi yote hiyo mtu mmoja tu hakucheka, naye ni mke wa fundi. Alikuwa akimletea mumewe chakula mchana, akasimama ukingoni, akauliza shimo ni la nini. Nikamwambia. Akasema, "Kule Ubwari, kwetu, mutoto mwanamuke asipojua kuogelea ni kama asiyejua kupika. Utamuoza wapi?" Nilitaka kumkumbatia. Nilimuuliza kama atatufundisha, akasema ndiyo, kwa sharti kwamba na mimi niingie. "Mama asipoingia, mutoto ataona maji ni azabu."

Bomba la mji lilitoa maji siku moja likapumzika mbili, kwa hiyo tulijaza kidogo kidogo, na mvua ya kwenye paa ikasaidia. Siku bwawa lilipojaa, fundi alikusanya vyombo vyake, akaja kuniaga.

"Mama, nikuambie kitu moja. Hii pisine usiitoshe maji yote hata siku moja. Hii iko kama mutumbwi. Ndani kukiwa tupu, na chini kuko maji, itaelea."

"Mtumbwi wa simenti," nikasema, nikacheka.

Yeye hakucheka. Nikamshukuru, murakoze, fundi, nikafunga geti.

Wiki tatu zilizofuata sitaziharibu kwa maneno mengi. Kila baada ya swala ya alasiri mke wa fundi alikuja, tukafunga geti kwa komeo, mtoto na mimi tukavaa suruali na fulana ndefu na vitambaa vya kichwa, tukashuka ngazi. Mimi, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, nilishika ukingo kwa mikono miwili kama mtoto anayejifunza kusimama. Siku ya kwanza nilipoweka uso majini nilitoka nalia kwa ghadhabu, maana ilikuwa rahisi. Nililia kwa ajili ya dada yangu na mkoba wake. Kitu rahisi namna ile, tumenyimwa miaka yote, wakatuzika bila kukijua!

Mtoto hakulia. Alicheka kwa sauti ambayo sikuisikia tangu mama yake afe. Wiki ya tatu ilipokwisha alikuwa anasukuma ukuta kwa miguu, anapiga mikono, anafika ukuta wa pili bila kugusa chini. Mama hakuja kuangalia hata mara moja. Alifunga dirisha la nyuma, akawa anafundisha wanafunzi wake baraza la mbele kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Nilimwona mtoto akikimbilia chumbani kwa bibi yake na nywele mbichi kumsimulia, na nikamsikia mama akisema, "Jifute usije ukashikwa na homa," basi.

Halafu yule mbwa. Jirani yetu wa nyuma anafuga mbwa wa ulinzi, na asubuhi moja mbwa alipita chini ya mabati akimfukuza kuku wetu. Kuku akaruka bwawa. Mbwa hakuruka. Nilikuwa nimesimama na ufagio, nikamwona akitumbukia, akizama, akiibuka, na kisha akiogelea. Aliogelea vizuri, kichwa juu, akazunguka, akaziona ngazi za mtoto wangu, akazipanda, akajikung'uta, akaenda zake. Hata mbwa anajua, nikasema. Hakuna aliyempiga kofi.

Mama alikuwa ameona kwenye mlango wa jikoni.

"Limenajisika," alisema.

"Mama, maji yote haya? Si ulitufundisha maji mengi yana hukumu yake?"

"Umesoma wewe au nimesoma mimi?"

"Wewe, mama."

"Basi. Yatolewe yote, bwawa lioshwe mara saba, ya kwanza kwa udongo. Mjukuu wangu anaswali. Hataingia kwenye najisi ya mbwa." Kisha akaongeza ile methali yake aliyotukuzia: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nilisimama pale na ufagio wangu. Fundi nilikuwa nimembishia, jirani, wapita njia, kaka zangu, mji mzima. Huyu sikuweza kumbishia. Alikuwa mama, na alikuwa mwalimu, na hasira yangu yote ilirudi utotoni ikakunja vidole kusubiri fimbo. Maneno ya fundi niliyakumbuka? Niliyakumbuka, ndiyo. Nikajiambia ni siku chache tu.

Mafuta ya injini yalikuwa hayapatikani, magari yenyewe yalilala foleni, kwa hiyo pampu haikuwepo. Tukatosha kwa ndoo. Na hapo mtaa ukanishangaza. Wanawake wale wale walioniuliza kama nachimba choo walikuja na ndoo zao, wakajipanga mstari kutoka bwawani hadi kwenye migomba, wakaimba, wakatania, wakamaliza kwa siku mbili. Kusafisha najisi ni jambo la thawabu. Kumfundisha mtoto wa kike kuogelea halikuwa.

Kisha tukaosha. Nilichota udongo safi nikausugua kila mahali, sakafu na kuta na ngazi, mpaka kucha zangu zikaisha. Halafu maji, mara ya pili, ya tatu. Bomba lilitoa maji kwa kupenda lenyewe, kwa hiyo siku nyingine tulipata kuosha mara moja tu. Mama alitoka uani kwa mara ya kwanza tangu bwawa lichimbwe. Alisimama ukingoni, tasbihi mkononi, akihesabu. "Nne. Sugueni na pembe zile." Usiku kulikuwa na mvua na mchana kulikuwa na mvua, mvua za Aprili zisizoomba ruhusa. Bwawa lilikaa tupu siku tano.

Asubuhi baada ya kuosha mara ya saba, nilitoka kuswali alfajiri nikaenda nyuma kufungua bomba ili tuanze kulijaza. Bwawa lilikuwa limesimama. Sina namna nyingine ya kusema. Mmemwona ng'ombe anavyoinuka, matako kwanza? Upande wa kina ulikuwa umepanda juu ya ardhi kufika karibu na goti langu, udongo umepasuka pembeni, na sakafu ile ya buluu ilikuwa imekatika katikati kutoka ukuta hadi ukuta. Katika ufa ule maji ya tope yalikuwa yanachemka polepole. Ngazi tano zilikuwa zimepinda kuelekea mlango wa jikoni.

Fundi alikuja, akazunguka mara moja, akavua kofia.

"Mama, nilikuambia."

Nilimtukana. Nilimwambia amenijengea mtungi badala ya bwawa, kwamba arudi kwao akajenge vyoo, na maneno mengine ambayo mtu aliyelelewa na mwalimu wa dini hapaswi kuyajua. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema hii si ya kutengeneza, hii ni ya kuvunja, akaondoka, na mke wake hakuja tena. La kuvunda halina ubani. Kwa wiki nzima niliwagombeza fundi na jirani na mbwa na mawingu, na mimi mwenyewe nikajigombeza kuliko wote. Mama aliniletea uji chumbani. "Pole mwanangu," aliniambia, mkono wake begani kwangu. "Huenda ndiyo kheri." Nilimshukuru. Nilimbusu mkono.

Mtoto alirudi shule, alirudi nyumbani, alipita kando ya bwawa bila kulitazama, kama anavyopita penye picha ya mama yake.

Mwezi ulipita. Alasiri moja nilikuwa napanga bidoni kwenye ukumbi wa mbele, na mama alikuwa barazani na darasa lake, mabinti kumi na kitu wamekaa kwenye jamvi. Mama husomesha kitabu kile kile kwa mpangilio ule ule, ukurasa kwa ukurasa, hajaruka ukurasa maishani. Siku hiyo walikuwa wamefika mlango wa maji. Nilimsikia akitangulia, na wao wakifuata kwa pamoja kwa sauti zao nyembamba:

"Maji yakifika kulateni..."

"Maji yakifika kulateni..."

"...hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi..."

"...hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi..."

"...ila yakibadilika rangi, au ladha, au harufu."

Kisha mtoto mmoja akauliza kulateni ni kiasi gani. Mama akakohoa. Akasema ni maji ya kutosha kujaza pipa au mapipa mawili hivi.

Bwawa langu lilikuwa na mapipa mangapi? Lilikuwa limemchukua mbwa likakaa kama lilivyokuwa, buluu, baridi, halina harufu ya kitu. Niliweka bidoni chini. Nilikwenda nikasimama mlangoni, na mama akainua macho kutoka kwenye kitabu akaniona. Hakubabaika. Alifunua ukurasa unaofuata, akaendelea kusomesha hadi mwisho wa saa, nami nikasimama pale hadi mwisho wa saa. Mabinti walipoondoka alianza kukunja jamvi.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Maji yalikuwa safi."

"Yalikuwa safi." Aliendelea kukunja. "Nimezaa mabinti wawili. Mmoja nimemwosha kwa mikono hii, maji yanamtoka puani. Ulitaka nifunge dirisha nisikilize yule mwingine anavyopiga maji kule nyuma, kila siku?"

"Dada hakufa kwa kuogelea, mama! Alikufa kwa kutojua!"

"Anayejua maji huyafuata. Wavuvi tuliowazika wote walijua kuogelea. Mtoto asiyejua, ataogopa. Anayeogopa atabaki nyumbani."

Alikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa na akili ndani yake, na hilo ndilo lililoniwasha zaidi. Nilimwambia angeniambia anaogopa. Angesema hivyo tu, mama anaogopa, ningekaa naye, ningemshika mkono. Badala yake alimsingizia Mungu. Alichukua kitabu alichotupigia vidole, akakipindisha, akanisimamisha ndani ya shimo nisugue udongo mara saba kwa ajili ya uongo, na akahesabu kwa tasbihi. Nilipiga kelele mpaka jirani wa mbwa akazima redio yake. Mama alilaza jamvi ukutani, akaingia ndani.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi nikaketi kwenye kigoda chake nikaomba radhi, bila kupunguza kitu. Alinisamehe haraka kuliko nilivyostahili. Nikamgeukia mke wake nikamwambia tunakwenda ziwani, mchana kweupe, kama atakubali.

Alichagua mahali. Mbali na mwalo, alisema, ni hatari, lakini hapa penye mitumbwi na watu na kelele mamba haji. Tulikwenda Jumamosi saa tisa, mtoto na mimi na yeye, na suruali zetu na fulana zetu. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu waliacha kushona. Mmoja akauliza, "Amahoro, mama, munapoteza nini umo majini?" Nikamwambia aibu. Tulipita katikati yao tukaingia, magoti, kiuno, na mimi nikaishia kwenye maji ya kifua.

Ziwa si bwawa. Linakusukuma, linakuvuta, halina ukuta wa kushika. Mke wa fundi alimlaza mtoto juu ya mikono yake miwili, akamwambia alegeze shingo, atoe tumbo, asipigane na maji. Kisha akaondoa mkono mmoja. Kisha akaondoa wa pili.

Hapo nikasikia kandambili. Mama alikuwa ametufuata. Alikuja mbio kwenye mchanga, yeye ambaye sijawahi kumwona akikimbia, baibui limemkaa vibaya, akapita kati ya wavuvi, akasimama pale maji yanapoishia. Akaita jina. Akaliita tena, kwa sauti iliyowainua wavuvi wote. Halikuwa jina la mjukuu wake. Lilikuwa la dada yangu.

Mtoto hakusikia. Alikuwa amelala chali, masikio yake yote mawili yamo majini, anaangalia juu, kifua kinapanda na kushuka. Mimi nilisikia. Nilikuwa nimesimama kati yao wawili, maji ya kifua, na ningeweza kumtazama mmoja tu.

Sikugeuka. Nilimtazama mtoto.